Nikipumzika wananiita mvivu, nikikimbia miguu inaniishia

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 20. Nilizaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, wazazi wangu wakiwa wametokea Fizi, Kivu ya Kusini. Tulikuja Marekani nikiwa bado mdogo. Sasa nasoma chuo kikuu kwenye jimbo moja la katikati ya nchi, na nacheza futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mabega ya plastiki. Nipo ulinzi, safu ya pili. Kazi yangu ni kumfuata mwenye mpira popote alipo na kumlaza chini. Mchezo huu ndio unaonilipia ada, chumba na chakula. Bila huo nisingesoma, kwa sababu mama anafanya zamu ya usiku kiwanda cha nyama na mshahara wake unaishia kwenye kodi ya nyumba.

Mwaka wa kwanza walitupima damu sote. Baada ya siku chache daktari wa timu akaniita, akaniambia nimebeba jeni moja, yaani chembe ya urithi, ya selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi ambao wengine huuita sikoseli. Alisema mimi si mgonjwa, ni mbebaji tu, na kucheza naweza. Ila nipandishe mazoezi polepole, nipumzike zaidi kati ya mbio na mbio, nisipimwe kwa saa kwenye zile mbio za kurudiarudia, na nikihisi miguu imelegea nisimame palepale bila kumwomba mtu ruhusa. Karatasi ya maelekezo hayo anayo mhudumu wa afya wa timu, nami nilitia saini kwamba nimeelewa.

Mwaka ule haukuwa na shida. Kocha wa viungo alinipa muda wangu na hakuna aliyeuliza. Januari mwaka huu akaja kocha mwingine. Si mtu mbaya, kazi anaijua, na wachezaji wanampenda. Lakini siku ya kwanza nilipochelewa kurudi kwenye mstari alisema mbele ya watu wote kwamba kumbe timu ina VIP. Tangu hapo jina langu ni VIP. Ni utani, na mimi nacheka nao. Ila nafasi ninayoitaka tunaigombea wawili, na mwenzangu hapumziki.

Mazoezi ya majira ya baridi yanaanza alfajiri. Tunakimbia yadi 110, kama mita 100 hivi, mara 16, na kati ya mbio moja na nyingine hupewi hata dakika nzima. Kuna mazoezi mengine yanaitwa ya hiari, lakini mlangoni kuna mtu anaandika majina. Februari nikachoka kuitwa VIP. Nikamwambia mhudumu wa afya kwamba niko sawa na sitaki tena mapumziko ya ziada. Akasema lazima kwanza amuulize daktari. Sikumngoja, nikakimbia kama wengine.

Kufika katikati, mapaja yakaisha nguvu. Hayakubana, Shangazi, kubanwa na misuli nakujua. Hii ilikuwa kama miguu si yangu. Nikaanguka, nikasema kiatu kimeteleza. Nilikaa chini kidogo, nguvu zikarudi, nikamaliza kwa kutembea. Mgongo uliniuma siku kadhaa. Sijamwambia mtu.

Sasa la nyumbani. Nilikuwa na dada aliyenifuata kuzaliwa. Alifia kambini akiwa na miaka sita. Alikuwa analia viungo usiku, mikono inavimba, macho yanakuwa ya njano. Mama hajawahi kuutaja ugonjwa ule kwa jina, anasema "yale maumivu". Upande wa baba walisema ni damu ya kwao mama ndiyo iliyomuua mtoto, na maneno hayo ndiyo yaliyovunja ndoa. Baba anaishi jimbo lingine na familia nyingine. Siku daktari aliponitajia selimundu, nilijua palepale dada yangu alikufa na nini.

Nikimwambia mama atasema niache mpira, halafu hatalala tena. Na atasikia upya kwamba ni damu yake. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 15, naye anaanza futiboli shuleni mwaka huu kwa kunifuata mimi, kwa hiyo nyumba nzima ingetikisika. Mimi ndiye ninayesoma barua na kujaza fomu zote za nyumbani, basi siri haina pa kupitia.

Kambi ya mazoezi ya Agosti inakaribia. Rafiki yangu anacheza chuo kimoja huko Colorado, anasema makocha wao wananitaka, nihamie nianze upya na nisimwambie mtu lolote. Nifanyeje? Nimwambie kocha nipoteze nafasi? Nimwambie mama? Nihame? Au nikaze tu, maana wengi wamebeba kitu hiki na wanacheza?

Wako,
VIP asiyetaka kuwa VIP

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Kabla ya mpira, pole kwa dada yako. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila mara nimesimama pale uliposema ulijua palepale alikufa na nini. Ulikuwa kijana mdogo ofisini kwa daktari, peke yako, ukapewa habari mbili kwa pamoja: ya mwili wako na ya kifo cha ndugu yako. Ile ya kwanza waliiandikia karatasi. Ya pili hukupata wa kuizungumza naye, ukatoka nayo ukaenda mazoezini. Pengine ndiyo maana mapumziko yanakuwia mazito kuliko yalivyo. Anayekuita VIP hajui kwamba anacheka na msiba.

Nikikuelewa vizuri, umebeba siri mbili na umezifunga furushi moja. Ipo ya mwilini, inayohusu uwanja, na ipo ya nyumbani, inayomhusu mama. Unaogopa kwamba ukifungua moja zote zitamwagika. Mimi naona zinaweza kufunguliwa kila moja kwa wakati wake, na ya uwanjani ndiyo isiyoweza kungoja.

Mimi si daktari wako, lakini uliyoyaeleza ya Februari si mageni kwa madaktari wa michezo. Mtu anapokimbia kwa nguvu zote tena na tena bila kupumua vya kutosha, oksijeni inapungua kwenye misuli, damu inakuwa na asidi, joto linapanda na maji yanapungua. Kwa aliyebeba jeni hiyo, hali hiyo inaweza kuzipinda seli nyekundu, zikakwama kwenye mishipa midogo, na misuli ikakosa damu. Inaweza kutokea ndani ya dakika chache tu za kukimbia. Na tofauti uliyoitaja wewe mwenyewe ndiyo ileile wanayofundishwa wahudumu wa afya: aliyebanwa na misuli kwa joto hupiga kelele na msuli unaonekana umekuwa mgumu, huyu mwingine hulegea, hukaa chini kimya, anaongea vizuri tu, na asiyejua humwona mvivu. Akiachwa apumzike mapema, seli zinapita kwenye mapafu, zinapata oksijeni na nyingi zinarudi umbo lake. Akilazimishwa kuendelea, misuli inaanza kuvunjika, mabaki yake yanaingia kwenye figo, na moyo unaweza kusimama.

Kwa hiyo mapumziko yale ndiyo dawa yenyewe. Hakuna nyingine inayotolewa pale uwanjani, ukiacha oksijeni na gari la wagonjwa.

Karatasi uliyotia saini haikuanguka kutoka mbinguni. Septemba 2006 kijana wa miaka 19, Dale Lloyd II, mchezaji wa Chuo Kikuu cha Rice kule Houston, alianguka mazoezini baada ya mbio 16 za yadi 100, akafariki kesho yake. Alikuwa mbebaji na hakujua. Familia yake ilikwenda mahakamani, na kutokana na kesi hiyo NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo huko kwenu, kiliweka kipimo cha selimundu kwa wachezaji wa daraja la kwanza kuanzia mwaka 2010. Baada ya hapo vifo vya aina hiyo katika daraja hilo vimepungua sana. Umeiona idadi ya zile mbio, bila shaka. Sikutajii nikutishe; nakutajia kwa sababu wewe una kitu ambacho yeye hakuwa nacho, yaani kujua.

Katika barua hii yote ni jambo moja tu ambalo sitakupa nafasi ya kulizungushazungusha: mwambie mhudumu wa afya wa timu kilichotokea Februari, wiki hii, kama ulivyoniambia mimi. Mwambie miguu ililegea, si kiatu. Mwambie na mgongo. Na kama siku zile mkojo ulikuwa na rangi ya chai ya rangi au soda nyeusi, mwambie na hilo. Atataka daktari akuone, pengine wapime damu na figo. Mengine yote tunaweza kuyapima taratibu, mimi na wewe.

Tuje kwa kocha. Umesema ni mtu mzuri, halafu ukanisimulia utani wake. Najiuliza kama yale mawili yanapingana. Alifika Januari. Una uhakika ameiona ile karatasi? Huenda aliyemtangulia aliondoka na kila kitu kichwani, na huyu akaona kijana mwenye nguvu zake anachelewa mstarini, akasema ambalo makocha husema. Huenda pia anajua na hajali, wapo. Lakini hujui ni yupi kati ya hao wawili, na umeshaamua kukimbia kama kwamba unajua.

Pia unaamini kwamba anayepumzika ni mchezaji pungufu. Mimi futiboli yenu naitazama kwa macho ya mgeni, na kinachonishangaza ni jinsi watu wanavyosimama muda mrefu kuliko wanavyokimbia. Mpira ukirushwa, vurugu inadumu sekunde tano au sita, kisha kila mtu anarudi mahali pake na saa ya sekunde 40 inaanza kuhesabu. Mchezo wenyewe umejengwa juu ya kufyatuka na kupumzika. Vifo vingi vinavyojulikana vya wabebaji vimetokea kwenye mazoezi ya kukimbizana, si kwenye mechi. Ukishindwa kumaliza mbio 16 kwa saa ya kocha, umeshindwa kitu ambacho hakuna mechi itakayokuomba. Mwenzako anayekimbia zote bila kupumzika anakuwa hodari wa mbio hizo. Kama anakuzidi kumlaza mwenye mpira, hilo ni swali jingine, na kocha wa safu yenu ndiye wa kuulizwa.

Nikisema hivyo sikuahidi kwamba hakuna hasara. Ukitaka, mhudumu wa afya anaweza kuzungumza na kocha wa viungo bila wewe kuwepo. Ni njia ya upole, lakini inaweza kuleta minong'ono, na jina la VIP likapata mizizi. Unaweza kwenda mwenyewe na daktari, mkakaa watatu. Hiyo inahitaji moyo, ila inamwondolea kocha kisingizio. Unaweza hata kuwaambia wenzako wa safu moja, ili siku ukikaa chini kimya awepo anayejua maana yake. Vijana wa umri wenu wakishaambiwa ukweli hubadilika haraka, ingawa si wote. Na kwa kanuni za NCAA, kwenye mambo ya afya daktari na mhudumu wa afya ndio wenye kauli ya mwisho, kocha hana mamlaka ya kuipindua. Nafasi ya kuanza mechi haina kanuni ya kuilinda. Inaweza kwenda kwa mwenzako kwa sababu nzuri au mbaya. Kuhusu ada, usiishi kwa kukisia: kauombe mkataba wako kwenye ofisi ya chuo inayosimamia kanuni za michezo, usome unasemaje kuhusu mchezaji aliyepunguziwa mazoezi kwa ushauri wa daktari. Vyuo havifanani.

Sasa mama. Hapa nakwenda polepole, kwa sababu wewe unamjua na mimi simjui.

Unasema atasikia upya kwamba ni damu yake. Mwanangu, hebu tuhesabu pamoja. Mtoto anaumwa selimundu yenyewe pale anapopokea jeni kwa mama na nyingine kwa baba. Dalili za dada yako ndizo hizo, na wewe umekutwa mbebaji. Kama alikuwa na selimundu ile ya kawaida, basi wazazi wote wawili ni wabebaji. Wote wawili. Yale maneno ya upande wa baba hayakuwa ya haki tangu siku yaliposemwa, na mama yako ameishi nayo miaka yote hii bila mtu wa kumwambia. Wala si laana ya ukoo wowote. Anayebeba jeni moja huhimili malaria kali kuliko asiye nayo, ndiyo maana imeenea sana ukanda wa Ziwa Victoria, pwani, na sehemu kubwa ya Kongo. Wewe unaiona habari hii kama jiwe la kumwongezea. Inawezekana. Lakini inawezekana pia ikawa ndiyo mara ya kwanza anavuliwa lawama. Sijui itakuwa ipi, na pengine siku moja itakuwa zote mbili.

Atasema uache mpira? Labda. Mama aliyezika mtoto ana haki ya kulisema neno hilo, nawe una miaka 20, una haki ya kulisikia na bado ukafikiri mwenyewe. Kumwambia si sawa na kumkabidhi uamuzi. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni jinsi atakavyojua. Usimwambie kwa simu akiwa anajiandaa kwenda zamu. Wala usijifanye mkalimani wa msiba wako mwenyewe: kliniki na hospitali kubwa za huko hutakiwa kutoa mkalimani wa Kiswahili bila malipo, na daktari akimweleza yeye, wewe unabaki kuwa mwanawe, umekaa pembeni yake. Kama kanisani au kwenye jumuiya yenu kuna mama mtu mzima anayemwamini, awepo naye. Au unaweza kungoja hadi msimu uishe. Kungoja kuna faida yake, kwa sababu utakuwa umetulia na una majibu ya daktari mkononi. Ila kuna mtu mmoja ambaye hawezi kungoja nawe.

Ni mdogo wako. Umempitia kwa nusu sentensi, nami sikuweza kumpita. Watoto wanaozaliwa Marekani hupimwa selimundu wakiwa wachanga. Yeye ana miaka 15, na kama alizaliwa kambini kama wewe, huenda hajawahi kupimwa. Shule za sekondari kwa kawaida hazilazimiki kuwapima wachezaji kama vyuo. Na kwa wazazi ambao wote ni wabebaji, kila mtoto asiye mgonjwa ana nafasi mbili kati ya tatu za kuwa mbebaji. Yaani ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kama wewe kuliko kutokuwa.

Kabla hajaruhusiwa kucheza, shule itamletea fomu ya uchunguzi wa afya. Fomu hizo huuliza kama mchezaji au mtu yeyote wa familia yake ana selimundu au ameibeba, na mzazi ndiye anayetia saini. Umeniambia nani hujaza fomu za nyumbani kwenu. Kwa hiyo siri uliyodhani haina pa kupitia itapita mikononi mwako, kiangazi hiki, na utalazimika kuandika ndiyo au hapana kwa niaba ya mama ambaye hajui anachotia saini. Sikuambii uandike nini. Nakuambia tu kwamba kukaa kimya, mahali hapo, nako ni kujibu. Kipimo ni damu kidogo tu na kinaweza kufanyika siku ileile ya uchunguzi. Wapo ndugu ambao wangeanzia hapo: wakamshughulikia mdogo kwanza, na habari yao wenyewe ikafuata kwa mlango huo.

Umesema wengi wamebeba na wanacheza. Ni kweli, na sitaki uisahau kweli hiyo. Ryan Clark alikuwa mlinzi wa Pittsburgh Steelers, timu ya ligi kuu ya huko, na mbebaji kama wewe, akabeba kombe la Super Bowl, yaani ubingwa wa ligi hiyo, la msimu wa 2008. Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo, timu ilikwenda kucheza Denver, jiji lililo mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na oksijeni ni kidogo. Aliugua vibaya baada ya mechi, ikabidi aondolewe wengu na kibofu cha nyongo. Alirudi uwanjani. Ila timu yake ilipokwenda tena Denver kwa mechi ya mtoano, Januari 2012, kocha wake alimweka nje, na hakuna aliyemwita mvivu.

Denver ndiyo mji mkuu wa Colorado. Sisemi usihame, wapo wabebaji wanaocheza nyanda za juu kwa uangalifu na kwa kuzoea taratibu, na huenda chuo hicho kinakufaa kwa mambo mengine ambayo mimi siyaoni. Lakini kuhamia mlimani na siri ni kitu tofauti na kuhamia mlimani. Na huko nako watataka majibu ya kipimo cha damu, kwa hiyo kuanza upya bila mtu kujua sidhani kama kupo. Ukizungumza na makocha wao, waulize chuo kiko mita ngapi juu ya bahari, mhudumu wa afya huwepo kwenye mazoezi yote ya alfajiri au ya mechi tu, na kama wamewahi kuwa na mchezaji mwenye selimundu, walimpangiaje mazoezi. Wakijibu haraka na kwa undani, utakuwa umejua kitu. Wakisita, utakuwa umejua pia.